Waliokishika Kilima

Oliva alikuwa barazani akichambua maharage, mvua ikiwa imepumzika kidogo, mama mkwe wake, Mama Otilia, alipoteremka kutoka makaburini akiwa na udongo mwekundu hadi viwikoni. Mama Otilia alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, akazikwa juu ya kilima kinachotazama nyumba zao za Mshangano, ubavuni mwa mumewe, Mzee Egidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una maji ya kunawa?"

Oliva akamletea kopo na kipande cha sabuni, kisha togwa. Mama Otilia alikunywa akiwa amesimama.

"Niitie Alfonsi," alisema. "Tumechoka."

Alfonsi, mume wa Oliva, alikuwa nyuma ya nyumba akizibua mfereji. Alikuja, akamwamkia mama yake, akajifuta mikono kwenye suruali. Mama akawaeleza mambo yalivyo. Rupert, mfanyabiashara wa mbao, aliponunua kilima na kukata miti yote, mizizi ilibaki ikiushika udongo kwa muda, kisha ikaoza. Halafu Rupert akaleta katapila, akaanza kuchimba kifusi pale chini, cha kujazia viwanja vya watu, kilima kikabaki hakina miguu. Tangu hapo marehemu walikuwa wanakishika kwa mikono. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeingia kwenye nyufa, na udongo sasa ulikuwa kama uji.

"Mtoke leo," alisema. "Jua likiwa bado lipo."

Alfonsi aliitazama nyumba yake. Matofali aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, na mabati aliyanunua kidogo kidogo kila alipovuna mahindi. Alisema labda azungumze kwanza na Rupert.

Mama yake akasema wamekwisha kuzungumza naye. Aliwajibu kwamba kilima alikinunua kihalali. Walikwenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye aliwapa viti na kuwaeleza kwamba malalamiko hupokelewa kutoka kwa wakazi.

"Nikamwambia nipo pale miaka minne, sijahama. Akasema atalifikiria."

"Hata hivyo, mama, nyumba haiachwi hivi hivi."

"Sasa hivi nikiwa hapa, baba yako ameshika upande wake na wangu."

"Na mgongo ule uliokuwa ukimsumbua?"

"Na mgongo ule ule."

Alfonsi akaingia ndani, akaanza kukunja magodoro.

Nyumba za jirani nazo zilikuwa na wageni. Jumanne, dereva wa bodaboda, alikuwa ameambiwa na marehemu baba yake, Muhsini, na tayari alikuwa amempakia bibi yake asiyeweza kutembea, akamfunga kwa khanga mgongoni pake ili asianguke. Wengine walifuata kwa miguu hadi ukumbi wa kanisa la kigango, wakiwa na ndoo, vitanda, mbuzi na picha za harusi. Mama Otilia alikwisha kurudi kilimani.

Alasiri mtaa ulikuwa mtupu. Ikabaki kazi ya kwenda kuwaambia walioko juu. Alfonsi alikuwa bado njiani na mzigo wa mwisho, kwa hiyo akaenda Oliva.

Aliwakuta wamejipanga safu kukatisha mteremko, kila mmoja amezamisha mikono ardhini hadi mabegani. Watoto waliokufa kwa surua zamani walishika sehemu za chini, walikofikia.

"Shikamooni," alisema Oliva.

"Marahaba," Mzee Egidi aliitikia bila kugeuka, shavu likiwa kwenye udongo. "Wametoka?"

"Wametoka wote, baba. Hata mbuzi."

"Na yule bibi wa kwa Jumanne?"

"Yeye ndiye aliyetangulia."

"Basi nenda hadi kwenye mwamba ule pembeni. Ukifika, sema."

Oliva alikwenda. Matope yalimvua ndala, akaziacha huko huko. Alipopanda juu ya mwamba alisema kwa sauti ya kawaida, "Nimefika, baba."

Wakaachia.

Kilima kilishuka polepole kwanza, kama mzee anayekaa kitini, kisha chote kwa pamoja. Oliva aliona mabati ya nyumba yake yakijikunja, halafu hapakuwa na nyumba. Kishindo kilipokwisha alisikia watu wengi wakishusha pumzi kwa mpigo. Alikaa pale juu akicheka huku machozi yakimtoka, akiwataja watu wa mtaa mmoja mmoja, na kila aliyemtaja alikuwa hai.

Marehemu waliteremka na udongo, maana makaburi yao hayakuwepo tena. Ukumbini walikaa mabenchi ya nyuma wakinyoosha vidole, wakachuliwa mabega kwa maji ya moto. Katekista aliongeza vikombe vya chai.

Redioni ilitangazwa kwamba chanzo cha maporomoko ni mvua kubwa. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa kweli. Baadaye Rupert alifika na malori, akakuta kifusi kimeshuka chenyewe, akakizoa pamoja na matofali ya Alfonsi. Alimpa Alfonsi pole kwa mikono miwili. Kisha akahamishia katapila na misumeno yake kwenye kilima kinachofuata.

Wakati huo Oliva na Alfonsi walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Mfaranyaki, wazee wakiishi nao. Asubuhi moja Mzee Egidi alimaliza chai yake, akatega sikio, akakunja mikono ya shati. Mama Otilia akajifunga kitenge.

"Kwenye kilima kile hatuna ndugu, baba," alisema Alfonsi.

"Chini yake kuna watu wanapika," mzee akajibu.

Oliva akawafungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Wakaondoka taratibu, wakishikana mkono penye utelezi, na wenzao wakaungana nao barabarani.

Msumeno ulisikika kwa mbali. Oliva aliusikiliza hadi akawa na hakika kwamba hauko juu ya paa lake. Akashusha pumzi, akabandika sufuria, akaanza kuosha mboga.