Kimutai wa Nyuma ya Ukuta

Mimi si mtu wa kubembeleza, na wazazi wa Njoro walilijua hilo kabla sijafungua hata sanduku langu. Nilihamishiwa pale muhula wa tatu, mwaka wa hamsini na nane, kufundisha hesabu katika shule ya intamidieti, ya darasa la tano hadi la nane, iliyoshika mkia wilaya nzima. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa Novemba. Anayefeli anarudi shambani kwa mzungu kuchuma maua ya pareto, basi.

Kwenye rejista palikuwa na jina moja lisiloitikiwa: Kimutai. Baba yake alikuja, kofia mkononi, akanieleza kwamba kijana ametahiriwa, yuko msituni na wenzake, na hatatoka mpaka mtihani ukaribie. Nikasema basi mwalimu wa hesabu amfuate huko huko. Akanikumbusha kwa upole kwamba mwalimu wa hesabu ni mimi, na mwanamke haruhusiwi kumwona. Nilikasirika, jamani. Kijana amesoma miaka yote hiyo, aje apotee hivi hivi mlangoni?

"Sawa, nisimwone," nilimwambia. "Na kunisikia je? Masikio nayo yamepigwa marufuku?"

Mzee akaenda kuwauliza wazee wenzake.

Jumatatu kulikuwa na mtu nyuma ya ukuta wa mbao wa darasa langu. Tulikuwa tumepatana kupitia baba yake: akielewa agonge mara moja, asipoelewa agonge mbili nirudie. Mungu wangu, kijana yule alijua kugonga mbili! Nilikuwa nimezoea kuandika ubaoni kimya kimya, mgongo kwa watoto. Sasa ikabidi kila hatua niieleze kwa mdomo, maana yeye ubao hauoni. Siku ya asilimia nilitamani kutoka nje nikamchape. Lakini nilirudia, nikarudia tena, na kina Wachuka waliokuwa wakisinzia dawati la mwisho wakaanza kuinua mikono.

Mtihani ulisimamiwa na wageni kutoka Nakuru. Sisi walimu tulikatazwa hata kukaribia madirisha, kwa hiyo hata siku hiyo Kimutai sikumwona.

Siku matokeo yalipofika nilikuwa peke yangu darasani, nafuta vumbi. Kijana mrefu nisiyemjua akasimama mlangoni, ananitazama tu. Nikamuuliza kwa ukali anamtaka nani. Alizunguka nyuma ya darasa, nikasikia ukuta unagongwa, mara moja.

Nilikaa kwenye dawati la Wachuka nikalia kwa furaha.