Mlango wa Karani Anselm

Enzi za Mwingereza, karani Anselm alisimamia ofisi ya vibali pale Tabora, kando ya njia ya zamani ya wapagazi waendao Ujiji. Alizipenda sana kanuni zake. Bila kibali chake hakuna aliyeruhusiwa kugusa mali ya serikali, na maombi yalipokelewa mlangoni tu, si dirishani.

Asubuhi moja kitasa kikavunjika naye yumo ndani. Damas, tarishi wake, akamleta seremala Twalibu, ambaye aliutazama mlango kisha akaketi.

"Huu ni mlango wa serikali, bwana karani. Nipe kibali niuguse."

"Nakupa. Njoo dirishani."

"Dirishani si marufuku?" Damas aliuliza kwa adabu. "Juzi ulimfukuza Mama Mwamvita kwa kosa hilo hilo."

Mama Mwamvita mwenyewe alikuwapo, amerudi tena kutoka Puge kuomba kibali cha ngoma ya harusi ya mjukuu wake. Anselm akajaribu kutokea dirishani, tumbo likakwama: kichwa barazani, miguu ofisini. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, mama," alisema kwa unyonge.

"Marahaba, mwanangu. Siku hizi maombi yanapokelewa hapa?"

"Yanapokelewa. Kapigeni ngoma yenu. Na wewe Twalibu, vunja."

Mlango ukavunjwa, Anselm akavutwa miguu kutoka ndani. Hakutaka mlango mwingine, akatundika pazia. Tangu hapo watu walihudumiwa kabla jua halijawa kali. Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu wa wilaya, alipopita kukagua, alimsifu Anselm kwa kubuni utaratibu mpya. Naye akazipokea sifa zile, habari za tumbo akazinyamazia.