Saa Yetu

Eustaki alikuwa mtu wa uhakika, na uhakika wake ulikuwa wa kuudhi. Ukimpelekea redio iliyokufa, kabla hujaiweka mezani ameshakutajia kilichoungua, na kibaya zaidi ni kwamba alikuwa hakosei. Miaka thelathini na mbili alitengeneza redio koli za misheni na za mashamba ya miwa ya Kidatu. Akastaafu, akarudi Ifakara, akaitundika leseni yake ya redio ya ridhaa ukutani pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu. Jioni alizungumza hewani na watu wa nchi ambazo mkewe, Scolastica, hakuwahi hata kuzisikia, na walichozungumza hasa ni jinsi wanavyosikika.

Mwaka ule masika yalianza kwa fujo, na Eustaki akaona redio yake imepata kazi ya maana. Mdogo wake, Beno, alikuwa na boti ya mbao yenye injini ndogo. Alivusha unga, chumvi na watu kwenda madunguni, vile vibanda ambako wakulima wa mpunga huhamia msimu mzima kulinda mashamba yao dhidi ya ndege na viboko. Bonde likijaa, huko hakuna njia wala simu haishiki. Beno akichelewa, mkewe Levina hakuwa na wa kumuuliza. Alikuwa anatoka, anatazama upande wa mtoni, anarudi jikoni, anatoka tena.

"Hilo ni tatizo dogo," Eustaki alisema, kama kawaida yake.

Alianza na kibao cha kupokea setilaiti, kidogo kama kiberiti. Kazi ya kibao kile ni kujua kiko wapi. Kila baada ya dakika tano kinageuza jibu lake kuwa mlio mfupi, redio ya mkononi inaurusha mlio ule hewani, na nyumbani kwa Eustaki kompyuta inaupokea na kuweka nukta kwenye ramani. Hakihitaji vocha wala mnara wa kampuni ya simu. Pale nyumbani alisimamisha bomba la futi arobaini lenye antena juu yake, na kwa kuwa bonde ni tambarare kama meza, mlio ungefika bila kuzuiwa na kitu.

Alivifunga vyote kwenye kontena la plastiki la kuwekea chakula, akaziba ukingo kwa gundi ya silikoni, akaviunganisha na betri ya pikipiki. Antena ya boti aliikata kwenye utepe wa futi ya chuma ya seremala, ule unaojikunja, ili ikigonga matete ilale kisha isimame tena. Kwenye programu ya kompyuta akaingiza alama ya kituo chake, akachagua picha ndogo ya boti ionekane kwenye ramani. Siku mbili nzima alihangaika na sauti, kwa sababu mlio ukiwa mdogo haufiki, na ukizidi unavunjika na kompyuta haiambulii neno.

Beno alikuwa amekaa juu ya ndoo akimtazama. Kila dakika tano kile kidude kilikwaruza.

"Kaka, kinakohoa."

"Kinasema uko wapi."

"Basi kifundishe adabu. Kuna sehemu nyingine Levina hana haja ya kuzijua."

Eustaki alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Alimpenda sana huyu mdogo wake. Mama yao alipofariki Beno alikuwa na miaka sita, na Eustaki ndiye aliyemwogesha, akamsomesha mpaka Beno mwenyewe alipokataa shule.

Sehemu ya mwisho kujaza ilikuwa saa. Setilaiti zinatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa masaa matatu. Programu ilikuwa na mahali pa kuandika tofauti hiyo, ukishaiandika hakuna anayehitaji kupiga hesabu tena. Eustaki akaacha sifuri. Watu wa redio duniani kote wanatumia saa hiyohiyo moja, alisema, na yeye hakuwa tayari kuwa kituko. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Fausta, mimi sishindi hapa kila siku. Nukta ikiingia, saa yake inaandikwa hapa pembeni. Lakini ni saa ya huko kwao. Ongeza tatu."

"Nikiongeza tatu ndiyo saa yetu?"

"Ndiyo saa yetu."

Wakaridhika wote wawili.

Wiki tatu kile kidude kilifanya kazi vizuri mno. Levina alizoea kupita jioni, anaamkia, anakaa kwenye kigoda mbele ya kompyuta. Nukta zikianza kugeuka kuelekea nyumbani, anaaga na kwenda kubandika ugali. Eustaki ndiye aliyekuwa anamsomea saa. Watu wawili wenye boti walikuja kuuliza kama na wao wanaweza kufungiwa, akawaambia wasubiri kwanza mvua zipungue.

Jumanne moja Eustaki alikwenda Mkula kufunga sola kwa mtu. Siku hiyohiyo, saa moja na nusu asubuhi, Beno aliondoka peke yake na magunia ya unga, akasema saa nane atakuwa amerudi. Saa nane ikapita, ikapita na tisa. Saa kumi na nusu Levina alikuwa nyumbani kwa Scolastica, kanga imemkaa vibaya, hajaamkia wala hajakaa. Scolastica akavaa miwani, akasogelea kompyuta, akasoma taratibu na kidole juu ya kioo. Saba na dakika kumi. Saba na tatu, kumi. Akampigia mumewe.

"Baba Fausta, nukta ya mwisho ni saa kumi na dakika kumi."

Eustaki alikuwa juu ya bati, bisibisi mdomoni. Alitazama saa ya mkononi. "Mbona ni sasa hivi tu? Dakika ishirini."

"Levina yuko hapa ana wasiwasi."

Levina akaichukua simu. "Shikamoo shemeji. Gaudensi yuko mtoni, boti yake ina mafuta. Anasema mwanga bado upo, kama ni kwenda aende sasa."

Gaudensi alikuwa mvuvi, na hakuna aliyelijua bonde lile kumzidi.

"Asitoke," Eustaki alisema. "Dakika ishirini si kitu. Atakuwa ameingia kwenye matete, mlio unakwama. Gaudensi akitoka watapishana, na kesho tutakuwa tunawatafuta wawili. Mwambie akae."

"Una uhakika, shemeji?"

Angeulizwa na mtu mwingine angekasirika. Alimjibu kwa upole kwamba anao.

Gaudensi akafunga boti yake. Levina akaenda kubandika ugali.

Eustaki alishuka kwenye gari jua likiwa limeshazama. Alimkuta Levina anamsubiri mlangoni; kwake ameacha ugali umefunikwa, umepoa. Hakuna nukta mpya iliyoingia. Akaketi mbele ya kompyuta kutazama ile ya mwisho, na palipoandikwa saa aliona sifuri saba, moja sifuri.

"Ulisema saa kumi," alimwambia mkewe.

"Si ulisema niongeze tatu? Saba na tatu ni kumi."

Saba na tatu ni kumi, hilo halina ubishi. Ila kumi ile ilikuwa kumi ya kompyuta na ya simu, ambayo mtu yeyote wa Ifakara akiiona anaiita saa nne asubuhi. Eustaki aliposema saa yetu alikuwa na maana ya saa ya Tanzania. Scolastica alisikia saa yetu, saa ya midomo yetu, inayoanza kuhesabu jua likichomoza. Walikuwa wameoana miaka arobaini na walielewana mpaka kwa kukohoa, na neno lile moja kila mmoja alilichukua upande wake. Nukta ya mwisho iliingia saa nne na dakika kumi asubuhi. Wakati Eustaki yuko juu ya bati anasema dakika ishirini si kitu, boti ilikuwa imenyamaza masaa sita.

Alitaka kupiga kelele lakini hakupata wa kumpigia. "Ndiyo, ni kumi," alimjibu mkewe, akatoka kwenda mtoni.

Gaudensi alikataa, na alikuwa na haki. Giza lilikuwa limeshika, mto unashuka na magogo mazima. "Mzee Eustaki, saa kumi na nusu nilikuwa tayari," alisema, bila ubaya wowote. "Sasa hivi nitakwenda kufa tu."

Walitoka alfajiri, boti tatu. Pale penye nukta walikuta boti ya Beno imepinduka, imebanwa na gogo, utepe wa futi ya chuma umelala majini. Beno mwenyewe walimkuta mbali kidogo chini ya mkondo. Alikuwa amepanda kwenye mti, maji yakampandia, akapanda tena mpaka pakawa hapana tena pa kupanda. Alikuwa amejifunga kwenye tawi kwa mkanda wake wa suruali ili usingizi usimwangushe, na shati lake amelining'iniza juu kabisa, mahali ambapo mtu akipita na boti lazima alione. Maji yalikuwa yamempita kichwa kwa kiasi cha shubiri.

Gaudensi alimfungua yeye mwenyewe. Akaangalia alama za maji kwenye gome la mti, akatikisa kichwa. "Maji yamefika hapa usiku," alisema. "Jana machweo huyu alikuwa mzima."

Aliyasema kama mvuvi anavyosema habari za maji. Kwa hesabu ya Gaudensi, Beno alipinduka saa kumi jioni, na dakika ishirini baadaye hakuna mtu angeweza kujua. Bahati mbaya tu. Katika boti zile tatu Eustaki peke yake ndiye aliyejua kwamba mdogo wake alikaa juu ya ule mti mchana kutwa akisubiri, na kwamba alikuwa na sababu ya kusubiri. Kaka yake hakosei. Kidude kimenyamaza, kaka ameona, watu wako njiani. Hivyo ndivyo Beno alivyokuwa anafikiri, Eustaki alikuwa na uhakika nao huo pia.

Matanga yalikuwa na watu wengi, na wengi walimpa Eustaki mkono wa asante. Bila kile kidude, walisema, Beno angekuwa ameliwa na mamba, tusingekuwa na hata cha kuzika. Kila aliyesema hivyo alimchoma palepale. Scolastica alikuwa jikoni na wanawake wenzake akiwasimulia jinsi alivyoisoma ile nukta, na hakuna aliyemsahihisha.

Wasifu wa marehemu uliandikwa na katekista Hermenegildi. Levina ndiye aliyetaja mambo: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto wanne. Walipofika kwenye ajali akasema, "Andika saa kumi na dakika kumi jioni. Shemeji anaijua vizuri. Afadhali, unajua. Hakukaa sana. Giza likaingia, akapitiwa, basi. Mimi ndicho ninachojishikiza nacho."

Eustaki alikuwepo. Hakusema kitu, na siku ile kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo huruma pekee aliyobaki nayo.

Kesho yake, makaburini, jeneza likiwa kwenye mbao juu ya shimo, katekista akausoma wasifu kwa sauti yake ya kanisani. Alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa. Mnamo siku ya Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, akiwa katika kazi yake ya kila siku, boti yake ilipinduka.

"Si saa kumi," Eustaki alisema, akiinuka kwenye kiti.

Sijui alitaka nini. Labda alitaka kulibeba kosa lake mbele ya watu. Labda, na mimi naelekea huko, alishindwa tu kuvumilia hesabu mbovu isomwe hadharani. Mtu anaweza kuvunjika kila mahali na ule ugonjwa wake mmoja ukabaki mzima.

Katekista akashusha karatasi. Padri akamtazama juu ya miwani.

"Ilikuwa saa nne asubuhi," Eustaki alisema. "Na dakika kumi. Mama Fausta alisoma kama nilivyomfundisha, mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Masaa sita kidude kilikuwa kimeshanyamaza. Mimi ndiye niliyesema Gaudensi asitoke."

Kutoka upande wa wanawake ilisikika sauti ya Scolastica, si kilio, ni kama mtu aliyeguswa na maji ya moto, na mtu akamshika. Gaudensi alikuwa miongoni mwa walioshika kamba za jeneza. Alitazama mikono yake.

Levina aliinua kichwa. Alianza kuhesabu kwa vidole, kama tunavyohesabu wote, kidole gumba kikigusa kimoja baada ya kingine. Nne. Tano. Sita. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Alifika kumi na mbili, akasimama hapo, kisha kidole kikaendelea tena, kwa sababu alikumbuka maneno ya Gaudensi, kuwa machweo Beno alikuwa bado mzima. Watu wote waliona anachokihesabu. Eustaki alisubiri amlaani, amtemee mate, amwite muuaji. Alikuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo, na lolote lingempa pa kushika.

Levina akafunga kiganja.

"Keti, shemeji," alisema. "Watu wanasubiri kuzika."