Wimbo Usio na Mbele

Zuhura alikuwa na nusu ya wimbo, na kwa bahati mbaya ilikuwa ile nusu isiyojitosheleza.

Hilo lilijulikana Jumamosi moja mchana, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Turffontein, ugenini kusini mwa bara, mbele ya watu kumi na sita wenye mandolini mapajani. Mandolini hizo ziliachwa na Wareno wa mtaa ule chama chao kilipozeeka. Parfait, fundi cherehani wa mtaa wa Doornfontein aliyezaliwa Lubumbashi, akazitia nyuzi mpya na kutangaza kwamba anayetaka kupiga aje. Wakaja wasusi, wakaja walinzi, wakaja na mabibi wawili wa Kireno waliotaka kulinda mali yao wakaishia kupiga. Zuhura naye akaja, kwani hakuwa ameshika mandolini tangu aondoke Tanga miaka kumi na mmoja nyuma, na vidole vilikuwa vinamuwasha.

Siku hiyo Parfait alitaka kila mtu alete wimbo wa kwao. Zuhura akapiga ule ambao marehemu baba yake aliwafundisha barazani, yeye na dada yake Bushra. Akadonoa nyuzi mara mbili, akanyamaza. Akadonoa mara tatu, akanyamaza. Watu wakangoja. Alipomaliza, hakuna aliyejua kwamba amemaliza.

"Eish, Mama Zuhura," Parfait akasema, "ni muzuri sana. Lakini wimbo yenyewe iko wapi? Weye unaitika tu. Nani anakuita?"

Ukumbi mzima ukacheka. Zuhura naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Bushra, mkubwa. Yeye mdogo alipewa ya pili, ya kuitikia. Akajaribu palepale kuitafuta hiyo ya kwanza. Akapata mwanzo kidogo, vidole vikapotea. Wimbo aliokulia nao ulikuwa kwa Bushra, na Bushra hasemi naye, huu mwaka wa nne.

Mama yao alipofariki, Zuhura hakwenda kuzika. Kibali chake kilikuwa cha aina ile ambayo ukivuka mpaka huruhusiwi kurudi, na huku alikuwa na watoto wawili shuleni. Alieleza kwenye simu, akalia, akaeleza tena. Bushra alimjibu kwa methali moja tu, "Asiyekuwepo na lake halipo," akakata. Tangu hapo kila Idi Zuhura hutuma ujumbe, na kila Idi ujumbe unasomwa na haujibiwi. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Lakini ukisubiri hawa wawili wapatane, utalima mpaka Tanga yote iishe mapori. Mdogo alingoja mkubwa apige simu. Mkubwa, bila shaka, alingoja mkosaji.

Wenzake walipokuwa wakikunja viti, Zuhura alitoka na mandolini akakaa kwenye ngazi. Alimkumbuka dada yake. Hakutaka kusamehewa, hata. Alitaka kuusikia ule mbele wa wimbo kabla hawajafa wote wawili ukapotea. Akapiga simu.

Iliita sana, ikapokewa. Kulisikika nazi ikikunwa, kisha mkunaji akaacha.

"Shikamoo, dada."

Marahaba haikuja. Akailaza simu kwenye ngazi, akashika mandolini akapiga. Mara mbili, kimya. Mara tatu, kimya.

"Umeingia mapema," Bushra akasema. Sauti ilikuwa imezeeka. Ilikuwa ya mama yao kabisa. "Tangu utotoni ndivyo ulivyo. Hujaitwa, unaitika."

"Basi niite, dada."

Nazi ikakunwa mara moja, mara mbili, ikaachwa. Halafu Bushra akaanza kuimba, bila maneno, kwa koo lililokwaruza, na ule mbele wa wimbo ukaja mzima, pamoja na ile kona ambayo baba alikuwa akiwagombeza wakiiharakisha. Ulipofika pa kuitikia, akatua.

Zuhura alikuwa na mandolini mkononi na hakuweza kuipiga. Kwa miaka yote aliyotamani kwao, hakuwahi kupasikia karibu namna hii, wala mbali namna hii.

"Upo?" Bushra akauliza.

"Nipo, dada."

"Mbona huitiki?"