Oddmund Alikuwa Hispania

Jumamosi ya mwisho ya Aprili, asubuhi, Torbjørg Hembre alishuka ngazi za jengo la Lyngbakken, mjini Trondheim, akiwa na chupa ya kahawa kila kwapa. Alikuta matoroli yameshapangwa mbele ya banda la baiskeli. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile. Iliyobaki ilikuwa rundo moja jeusi nyuma ya kontena la takataka, pamoja na changarawe iliyokuwa ikimwagwa njiani majira yote ya baridi ili watu wasiteleze. Sasa changarawe hiyo ilitakiwa ifagiwe yote, na waifagie wakazi wenyewe. Hiyo ndiyo dugnad, msaragambo wa machipuko. Mtu halazimishwi kuja, ila asiyekuja husemwa mpaka majani yapukutike tena.

Kazi zilikuwa zimegawanywa kwa umri. Watoto waliokota takataka kwa vibanio virefu. Vijana walibeba magodoro na makabati ya zamani kwenda kwenye kontena, wenye nguvu zao walifagia na kupaka uzio rangi, na wazee walipanda maua katika vyungu vya getini. Torbjørg alikuwa na miaka sabini na minne, kwa hiyo alipangiwa maua. Lakini si maua yaliyomtoa ndani. Alikuwa na ombi. Alitaka apate mtu mmoja, katika jengo zima, atakayekuwa akibonyeza kengele ya mlango wake kila wiki. Hata kuingia asiingie. Abonyeze, asikie "nipo", aende zake.

Alikuwa akiifanyia mazoezi sentensi hiyo jikoni tangu Februari, polisi walipoufungua mlango wa Oddmund Sletvold, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, wakamkuta kwenye kiti chake. Daktari alisema amekufa tangu Novemba.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mapazia ya Oddmund yalikuwa yamefungwa, na taa ya dirishani ilikuwa ikijiwasha jioni na kujizima yenyewe usiku, kama watu wanavyoitegesha wanaposafiri ili wezi wadhani kuna mtu. Kwa hiyo majirani walijua kwamba hakuna mtu. Na mstaafu asiyekuwepo Trondheim wakati wa baridi yuko Hispania. Hilo haliulizwi.

"Oddmund kaenda zake Hispania," walisema kwenye ngazi, wakikung'uta viatu. "Ana akili yule. Sisi huku tunavunjika viuno kwa barafu."

Kufikia Krismasi walikuwa wamempa mji, mji wa pwani. Kufikia Januari walikuwa wamempa na chumba chenye roshani. Kumpigia simu kungekuwa kumsumbua mtu mapumzikoni.

Mwenyekiti wa wakazi, Geir-Atle Moan, alikuwa bado anaeleza nani achukue ufagio na nani achukue reki wakati Oddmund alipoingia getini. Alivaa kaptura na makubazi. Uso ulikuwa umeiva kwa jua, pua inaambuka, na mkononi alikuwa na mfuko wa wavu wenye machungwa. Tangu ahamie pale hakuwahi kukosa dugnad.

"Umechelewa, Oddmund," alisema Geir-Atle.

"Ndege."

"Haya. Fagio ziko bandani."

Watu waliangalia rangi yake kwa wivu kidogo. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikoroga rangi ya uzio alivuta mkono wa sweta na kuulinganisha mkono wake na wa Oddmund. "Ona mimi," alisema. "Kama samaki aliyechemshwa." Wakacheka, kisha kila mtu akaenda kwenye kazi yake.

Ilionekana mapema kwamba changarawe aliyoifagia Oddmund hairundikani. Ilikwenda mbele ya ufagio, halafu akipiga hatua ilirudi ilipokuwa. Geir-Atle alisimama akamtazama kwa muda, akamhamishia nyuma ya banda la baiskeli, mahali ambapo hapaonekani kutoka barabarani.

"Na soseji je?" Sunniva alimuuliza mwenyekiti kwa sauti ya chini. Sunniva alikuwa mama kijana aliyehamia katika nyumba ya Oddmund kabla ya Pasaka, pamoja na mumewe na mtoto mchanga. "Kisheria yeye si mkazi tena."

"Ale tu," alisema Geir-Atle. "Huwa zinabaki."

Torbjørg alipomaliza chungu chake cha kwanza alijifuta udongo mikononi, akamimina kahawa katika vikombe viwili na kwenda nyuma ya banda. Oddmund alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakunywa, alikishika tu apate joto lake.

"Kukoje huko?" aliuliza Torbjørg.

"Jua lipo."

"Na nyumba?"

"Ipo. Roshani ipo, kama mlivyosema." Aliangalia makubazi yake. "Mwanzoni nilikuwa nimekaa pale kitini. Nikawa nawasikia kwenye ngazi, Oddmund yuko Hispania, Oddmund yuko Hispania. Nikajikuta kwenye benchi, bahari iko mbele, nimevaa haya. Wala si yangu."

"Ulikuwa na nani?"

"Nani tena? Kihispania sijui. Mkate nanunua kwa kidole." Alifikiri kidogo. "Kila mlichokisema nilikikuta. Hakuna aliyesema nina mwenzangu, basi mwenzangu sikumkuta."

Watoto walipita wakikimbizana na vibanio vyao, wakabana mkia wa koti la Torbjørg, wakapotea upande wa pili. Alisubiri mpaka watulie.

"Ungegonga ukuta, Oddmund."

"Niligonga. Siku ile, kabla."

"Nilisikia," alisema Torbjørg. "Nilidhani unatundika picha."

Oddmund alitikisa kichwa taratibu. "Hata mimi ningedhani hivyo hivyo," alisema.

Adhuhuri jiko la mkaa liliwashwa. Soseji zilizungushiwa mikate myembamba ya viazi, na watu walikula wamesimama, wameupa upepo mgongo. Mvua nyembamba ilianza. Hakuna aliyeitaja. Torbjørg aliona kwamba wakati ni huu, kwa sababu dugnad ikiisha watu hurudi ndani na milango hufungwa mpaka machipuko mengine. Aliisema sentensi yake. Aliisema vizuri, bila kutetemeka, na kwa sauti ya kuwafikia wote waliolizunguka jiko.

"Wazo zuri sana hilo," alisema Sunniva. "Jamani, ni zuri sana. Tufungue kikundi kwenye simu."

"Simu yangu haina vikundi," alisema Torbjørg. "Ni kubonyeza tu. Milango yetu iko ubavu kwa ubavu."

"Ndiyo, ila mimi na huyu mtoto, siku zangu hazitabiriki. Sitaki nikuahidi halafu nikuangushe. Ningejisikia vibaya sana."

"Lizungumzwe kwenye mkutano wa vuli," alisema Geir-Atle, akigeuza soseji. "Tukianza na mtu mmoja, kesho watataka wote. Inabidi uwe utaratibu. Halafu, Torbjørg, baridi yenyewe si huwa uko kwa dada yako?"

"Dada yangu?"

"Wa Kristiansund."

"Sina dada."

Mwanamume wa rangi ya uzio alicheka, rangi ya kijani ikiwa imemkauka kwenye nyusi. "Wewe Torbjørg una utani. Desemba hukuonekana wiki nzima. Mke wangu akaniuliza, bibi wa juu yuko wapi. Nikamwambia, si yuko Kristiansund, kwa dada yake."

Wiki hiyo ya Desemba Torbjørg alikuwa kitandani akiumwa kifua, ndoo iko pembeni, akihesabu nyayo za watu wakipanda na kushuka.

"Nilikuwa ndani," alisema.

"Basi mwaka huu usikae ndani," alisema Geir-Atle kwa upole, akampa soseji ya pili bila kuombwa. "Nenda kwa dada. Kubadili hewa ni kuzuri." Wengine wakaitikia kwamba kweli, hewa ya pwani ni nzuri kwa mapafu, na maongezi yakahamia kwenye boti.

Oddmund alikuwa amesimama karibu naye. Soseji yake ilikuwa imepoa mkononi.

"Afadhali wewe," alimwambia polepole. "Kristiansund lugha utaielewa."

"Wewe huwezi kuja kubonyeza? Mara moja moja?"

"Ndege yangu ni ya jioni."

"Ya kesho je?"

"Huku kila mtu anajua niko kule," alisema Oddmund. Alimwachia machungwa, akamrudishia Sunniva ufagio, akatoka getini kuelekea kituo cha basi la uwanja wa ndege. Watu kadhaa walimpungia mkono. Mmoja alimwambia asalimie jua.

Geir-Atle alishukuru wote waliofika, wadogo kwa wakubwa. Uwanja ulikuwa safi, isipokuwa nyuma ya banda. Watoto walipewa aiskrimu wakaila na kofia zao za sufu kichwani.

Siku zilizofuata Torbjørg hakutoka. Mgongo ulikuwa umekaza kwa kuinamia vyungu, na alijikokota tu kutoka kitandani hadi jikoni, akila chungwa baada ya chungwa. Nyakati za mchana alikaa karibu na mlango. Nyayo zilipanda, nyayo zilishuka. Mara moja zilisimama. Ilikuwa sauti ya Geir-Atle, akimjibu mtu.

"Torbjørg? Atakuwa kwa dada yake," alisema, na nyayo zikaendelea.

Mgongo ulipolegea alikwenda kuchukua koti lake kwenye ndoano. Lilikuwa na unyevu, na lilinuka chumvi na mwani. Mfukoni alikuta maganda ya kamba wa baharini waliomenywa, na kitambaa cha kichwa cha kike ambacho hakukifahamu, kimekunjwa vizuri na mtu mwenye mikono ya utaratibu. Alikirudisha kitambaa mahali pake, akavaa koti akatoka, maana maziwa yalikuwa yamekwisha.

Kwenye ngazi alikutana na Sunniva akipandisha gari la mtoto kinyumenyume. Torbjørg alishika upande wa chini, wakalipandisha pamoja mpaka juu.

"Asante," alisema Sunniva, akihema. "Umesharudi? Hatujakuona. Dada hajambo?"

Torbjørg aliutazama mlango wake, na kengele yake, na mlango wa Sunniva ubavuni.

"Hajambo," alisema. "Anawasalimia."