Abiria wa Gari Jekundu

Kila asubuhi, kabla nyundo ya kwanza haijalia, Spès alinyunyiza maji kwenye uwanja wa gereji ya baba mkwe wake, mzee Ndihokubwayo, huko Mulongwe, ili vumbi lisinate kwenye rangi mbichi. Alitumia kopo la maziwa lililotobolewa kitako. Asubuhi hiyo ya mwezi wa sita, mwaka 1966, alikuwa amefika nusu ya uwanja ng'ombe wawili walipoingia langoni wakivuta gari jekundu kwa kamba. Ndani ya gari alikuwa amekaa mumewe.

Lilikuwa lile gari la mashindano la viti viwili, lisilo na paa, ambalo Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba aliliacha alipokimbia wakati wa uhuru. Miaka miwili kabla ya asubuhi hiyo, waasi walipoingia mjini, walilichukua, na mkubwa wao mmoja aitwaye Damien akawa analiendesha mwenyewe. Ndimo alimompakia Révérien, mume wa Spès, kwa kuwa alikataa kuwatengenezea lori. Wakashika njia ya Luvungi. Révérien hakurudi. Waasi waliposhindwa, Damien alivua majani aliyojifunga kichwani, akavaa tai, akapewa ofisi ya serikali. Gari lilibaki limelala ubavu katika mashamba ya mpunga ya Luberizi.

"Shefu Damien anataka litembee siku ya uhuru," alisema mwenye ng'ombe huku akifungua kamba. "Amesema mulinyooshe, mulipake rangi. Na huyu tumemukuta ndani. Hatoki."

"Haina shida," alijibu mzee. "Ni wetu."

Révérien alikuwa na shati lake la kazi. Matope ya mpunga yalikuwa yamemkaukia mpaka magotini. Mlango wa upande wake ulikuwa na matundu ya risasi, na shati lilikuwa na matundu mahali pale pale. Macho yake yalimfuata Spès alipokuwa akinyunyiza ile nusu iliyobaki.

Majirani walikuja kumwamkia. Marie, muuza samaki wadogo wa ndagala, alisimama akajishika kiuno.

"Weye Révérien, umepanda gari ya Wazungu, hata kushuka kutusalimia unashindwa?"

Révérien aliinamisha kichwa kidogo. Watu wakacheka, wakaenda zao kazini.

Mzee akaanza na madigadi ya mbele. Ilipofika adhuhuri yalikuwa yamenyooka, na Spès aliyeleta ugali aliona kwamba miguu ya mumewe haipo chini ya vifundo. Kesho yake boneti ilinyooka, na magoti yakaondoka pamoja na matope yake. Kadiri gari lilivyopata umbo, ndivyo Révérien alivyopungua kuanzia chini, kama kipande cha sabuni mkononi mwa mfuaji. Haikuonekana kumuuma.

"Papa," Spès alisema jioni, kwa ile sauti yake iliyomlazimu mtu kusogea ili amsikie, "ukiendelea, ataisha."

"Na nikiacha? Shefu atanifunga, weye nani atakulisha?" Mzee alijifuta jasho kwa kofia. "Tena muntu hawezi kukaa mu gari maisha yote, mwanangu. Iko vizuri apumuzike."

"Apumzike wapi, Papa? Hatujamzika."

Mzee alirudisha kofia kichwani. Kwao Luberizi, alikozaliwa mzee, mtu akifa, jembe huwekwa chini, na fundi naye huweka nyundo chini. Hakuna anayeshika kazi mpaka siku za kilio zipite. Katika gereji ile nyundo hazikuwahi kuwekwa chini. Aliyekataa ni Spès mwenyewe. Wanawake walipokuja na mikeka yao, mwaka ule wa waasi, aliwaambia kwamba mume wake amesafiri, wakageuka na mikeka yao. Tangu siku hiyo kila alipozisikia nyundo zikilia alijua kwamba hakuna aliyekufa nyumbani mwao. Sasa nyundo zile zile ndizo zilizokuwa zikimmaliza.

Mwishowe ukabaki mlango tu. Révérien alikuwa amebaki kifua na kichwa, ameegemea kiti vizuri. Mzee alimletea Spès nyundo, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni maji.

"Kama tukiziba matundu haya, anaenda," alisema. "Minye nimeshindwa. Sema weye."

Spès aliingiza kidole katika tundu moja, kikatokea upande wa pili, kikagusa shati. Aliona kwamba matundu yakizibwa, Damien atakuwa na gari safi, na hapatabaki mahali popote duniani palipoandikwa kilichotokea. Aliona pia kwamba akiyaacha, lazima akubali kwamba mumewe amekufa, awaite wale wanawake wa mikeka. Alisimama hapo mpaka ugali wa mzee ukapoa.

Kisha akaipokea nyundo, akailaza chini. Akaifuata ile ya mbao, akailaza kando yake, halafu koleo, spana, tupa, vyote. Mzee alivua kofia, akakaa kwenye udongo. Kutoka kibandani kwake Marie aliona vyuma vimelala. Alifunika ndagala zake, akaja na mkeka.

Siku ya uhuru Damien alifika asubuhi na tai yake, akaukuta uwanja umejaa wanawake waliokaa.

"Habari, Révérien," alisema. Alizunguka gari, akaridhika nalo, mpaka alipofika mlangoni. "Mzee, mbona huu iko na matundu bado?"

"Nyundo ziko chini, Shefu."

"Basi."

Alitoa bendera kwenye mfuko, akaitandaza juu ya mlango, ikayafunika matundu, ikamfunika na Révérien mpaka kidevuni. Aliingia upande wake. Gari liliwaka mara moja. Mzee alikuwa fundi mzuri.

"Kilio ya nani hapa?" Damien aliuliza kwa adabu, kama mkubwa anavyopaswa kuuliza.

Spès alikuwa amesimama mbele ya gari. Midomo yake ilisogea kwanza bila sauti.

"Ya Révérien," akasema. "Amekufa. Ni weye ulimuua, risasi zikapita mu huo mulango."

"Najua, dada," alisema Damien. "Sogea kidogo, gari ipite."

Hakusogea. Damien alikata kona, akamzunguka, akatoka langoni kuelekea barabarani ambako watoto wa shule walikuwa wakingoja kupiga makofi. Kichwa cha Révérien kilitikisika kwenye mashimo ya njia. Nyuma yao Spès alisema tena, kwa sauti iliyowafanya wafuaji wa nguo kule mtoni wainue nyuso:

"Damien! Ni weye ulimuua mume wangu!"