Kijiko Kimoja kwenye Uji

Kwa miaka thelathini hakuna mwali wa mtaa wa Mafiga aliyetoka mikononi mwa Bi Mwanvita akiwa amepauka. Siku ya kumtoa mwali watu hutazama kwanza ngozi na nywele, halafu humtazama kungwi. Lakini sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, hata kusaga liwa ya kumsinga mwali vilikataa, na kukiri aliona aibu. Akaenda zake mtaa wa Mwembesongo, akanunua pakiti ya kolajeni, unga wa kunywa ambao muuza vipodozi aliapa kwamba unang'arisha ngozi na kujaza nywele. Umetengenezwa kutokana na nini, hakuuliza. Alikuwa na haraka, asije akaonekana. Pakiti akaifunga kwenye pindo la khanga.

Mwali alikuwa Shadia, mjukuu wa dada yake, aliyewekwa ndani, nyumbani kwao, likizo ya shule. Mama yake, Chausiku, alikuwa ameomba jambo moja tu: mtoto asipewe samaki, humdhuru.

Siku ya tatu Bi Mwanvita akakoroga kijiko kimoja kwenye uji. Bakuli lilipokwisha, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba na pumzi zinamkatika.

Zahanati walimchoma sindano. Muuguzi akauliza alikula nini.

"Samaki kwangu haingii," Chausiku akasema, analia. "Labda ile sufuria niliyoazima kwa jirani. Sikuiosha vizuri. Ni mimi."

Bi Mwanvita alinyamaza. Tusimpambe: alinyamaza huku mama wa watu akijilaani mara ya pili na ya tatu, maana jina la miaka thelathini halitupwi hivi hivi. Moyo ulimsuta hadi akashindwa kukaa. Akafungua pindo.

Muuguzi akasoma pakiti. "Hii imetokana na samaki."

"Nimempa mimi, Chausiku. Kwenye uji."

Chausiku alitoka nje.

Pumzi za mtoto zilipotulia, Bi Mwanvita akainama kitandani. "Nisamehe, mjukuu wangu."

"Midomo ilianza kuwasha mapema, Bibi. Bakuli halijafika hata nusu."

"Sasa mbona ulimaliza?"

Shadia alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi.

"Si ulinifundisha mwenyewe siku ya kwanza? Mwali hakatai anachopewa na kungwi wake."